Leseni Iliyouzwa kwa Neno Moja

Baba alipopata kiharusi alibakiwa na neno moja, nalo lilikuwa "ndiyo". Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Ukimuuliza kama wewe ni mwanawe au mpita njia aliyeingia kuomba maji, ndiyo, na anakutazama machoni kama mtu aliyekupa jibu refu lililonyooka. Daktari pale hospitali ya Mawenzi alitueleza wote watatu, mimi, mama na kaka yangu, tukiwa tumesimama kando ya kitanda. Alisema sehemu ya ubongo inayotunga maneno imeumia. Msimwone kama mtoto, alisema, anaelewa mengi, ila kinachotoka mdomoni si lazima kiwe ndicho anachotaka kusema. Kaka yangu aliitikia kwa kichwa. Alisikia. Nataka hilo lijulikane tangu mwanzo, kwamba alisikia.

Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha sukari, akitengeneza shafti na gia, na alipoacha kazi akafungua karakana yake mwenyewe huko Rau, mjini Moshi. Mwanzoni ilikuwa mashine moja ya kukereza na kinoo. Mimi nilipomaliza chuo cha ufundi nilikwenda kufanya kazi naye, na ni mimi niliyemshawishi anunue mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Alisumbuka nayo rohoni muda mrefu. Siku moja akauza ng'ombe wake wa maziwa, akachukua na mkopo, mashine ikaja juu ya lori imefungwa kwa kamba kama mgonjwa.

Mashine ya namna hiyo haijui kitu mpaka iambiwe. Iambiwe kisu kianzie wapi, kiingie ndani kiasi gani, kigeuke upande upi. Unachora kipuri kwenye kompyuta, kisha kuna programu inayogeuza mchoro wako kuwa maelekezo ambayo mashine inayafuata. Bila programu hiyo unaweza kuiandikia mashine maelekezo kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa kazi nyepesi. Kwa gia yenye meno ya mshazari utazeeka.

Na programu huuziwi kama unavyouziwa nyundo. Unauziwa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, kwa jina lako, kwenye kompyuta moja. Baba hakulipenda jambo hilo. "Nimenunua au nimeazimwa?" aliniuliza. Nikamwambia amenunua, ni yake mpaka mwisho, hailipiwi tena. Leseni ikaandikwa jina lake kwa sababu karakana ilikuwa yake na pesa ilikuwa yake. Anwani ya barua pepe iliyotumika ilikuwa ile ambayo kaka yangu alimfungulia alipomnunulia simu. Hakuna aliyeona ubaya. Kazi zikaja: vipuri vya mashine za kumenya kahawa kutoka juu mlimani, vya pampu za maji kutoka Kahe kule tambarare, na kubwa kuliko zote, gia za kiwanda cha sukari, mahali pale pale baba alipojifunzia kazi.

Baada ya kiharusi niliendelea peke yangu. Baba tulimrudisha nyumbani Old Moshi, mlimani, kwenye kihamba, shamba letu la migomba la ukoo, mama akawa anamtunza. Mimi nimeolewa, naishi Rau karibu na karakana, kwa hiyo nilikuwa napanda kumwona kila nilipopata nafasi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Ndio uliokuwa unapima chuma kwa kugusa tu.

Kisha umeme ukakatika mchana, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ya karakana ikatoa harufu ya kuungua. Fundi akasema imekufa. Nikanunua nyingine, na hapo ndipo nilipompigia simu wakala wa programu ile, kijana mmoja wa Dar es Salaam mwenye sauti ya upole.

"Hakuna shida, dada," aliniambia. "Kuihamishia kwenye kompyuta mpya ni kazi ndogo. Na kama unataka ije kwa jina lako kabisa, hilo nalo linawezekana. Kwa lolote kati ya hayo nahitaji tu mzee mwenyewe aniambie kwa simu ya video kwamba anakubali."

"Mzee ni mgonjwa. Amepata kiharusi, hawezi kuongea."

"Hawezi kabisa?"

"Anasema ndiyo tu. Kwa kila kitu anasema ndiyo."

"Basi hapo, dada, ridhaa yake haitahesabika. Itabidi uniletee karatasi ya mahakama inayosema wewe ndiye msimamizi wa mambo yake."

Nilimwelewa. Nilimheshimu hata. Nilijiambia, afadhali kuna watu wanaofuata utaratibu, wasiomwuliza mgonjwa swali na kuchukua jibu lolote. Ningeweza kunyamaza siku ile. Ningeweza kupanda Old Moshi, kumweka baba mbele ya simu na kumwacha aseme lile neno lake. Sikufanya hivyo kwa sababu baba si muhuri.

Nikaanza safari za mahakamani. Anayezijua anazijua. Njoo kesho, karani hayupo. Njoo wiki ijayo, hakimu yuko kwenye semina. Lete barua ya serikali ya mtaa. Hii si ya mtaa wa mgonjwa, mgonjwa anaishi Old Moshi, kalete ya huko. Huku karakana mashine imefunikwa turubai. Kazi za pampu za Kahe nilizifanya kwa ile mashine ya zamani ya kukereza. Kiwanda cha sukari walinisubiri, wakanisubiri tena, halafu meneja wao akanipigia kwa adabu kusema kwamba gia zao sasa wanazipeleka Arusha.

Pasaka kaka yangu akaja na familia yake. Yeye anauza vipuri vya magari Dar es Salaam, na tangu utoto ndiye anayechekesha watu nyumbani. Akiingia uani, hata mbuzi wanageuza shingo. Jumamosi ile mimi na mama tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi, yeye yuko barazani na baba. Nilisikia sauti ya baba. "Ndiyo." Halafu tena, "Ndiyo." Nikamwambia mama, kaka anamwonyesha baba picha kwenye simu. Mama akasema, "Anampenda sana baba yake, huyu." Tukaendelea kumenya.

Karatasi ya mahakama niliipata mvua za masika zikiwa zinaisha. Niliipiga picha pale pale kwenye ngazi za mahakama, nikamtumia wakala, nikampigia.

"Dada," alisema, na upole wote ulikuwa umemtoka. "Mbona leseni hii ilishahamishwa?"

"Imehamishwa kwenda wapi?"

"Iliuzwa. Iko kwenye karakana moja Arusha."

"Nani kaiuza?"

"Mzee mwenyewe. Nilimwona kwenye video, alikuwa na mwanawe. Nilimwuliza kama yeye ndiye mwenye leseni, akasema ndiyo. Nikamwuliza kama anakubali mwanawe aiuze kwa niaba yake, akasema ndiyo."

Nilikuwa bado nimesimama kwenye ngazi, na watu waligeuka kunitazama, kwa hiyo najua nilipiga kelele.

"Mimi nilikuambia! Nilikuambia kwa mdomo wangu kwamba anasema ndiyo kwa kila kitu! Ungemwuliza kama yeye ni askofu angesema ndiyo!"

"Dada, naongea na wateja wengi. Huyo kaka hakuniambia kwamba mzee anaumwa. Mzee alionekana vizuri, amevaa shati, anatabasamu."

"Basi irudishe."

"Haiwezekani. Kampuni wanaruhusu leseni kuhamishwa mara moja tu kutoka kwa mnunuzi wa kwanza. Ikishahama imehama."

"Na hii karatasi ya mahakama niipeleke wapi?"

Akasema pole. Mpaka leo nikisikia mtu akisema pole kwa sauti ile ya ofisini, mwili unanisisimka.

Nilijua kaka yangu alivyopata wazo. Nilipoomba kuhamisha leseni, wakala alituma ujumbe kwenye barua pepe ya baba, na barua pepe ya baba ilikuwa inafunguka kwenye simu ya kaka. Yeye hakuwa anajua hata kama leseni inaweza kuuzwa. Ombi langu ndilo lililomfundisha.

Nilimpigia jioni ile ile. Hakukana. Hicho ndicho kilichonimaliza, kwamba hakuhangaika hata kukana.

"Sikiliza, dada yangu. Duka lilikuwa linafungwa. Mwenye nyumba alishaleta kufuli. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Unaona sasa."

"Ile ni kazi ya baba! Ni kazi yangu!"

"Ni programu ya kompyuta. Sijauza kihamba. Sijauza hata mgomba mmoja. Tena sikuiba, nilimwuliza baba, akasema ndiyo."

"Daktari alikuambia nini Mawenzi?"

"Daktari alisema anaelewa. Kanisani si anaimba? Umemsikia mwenyewe, anaimba ubeti mzima, maneno yote. Mtu anayeimba anaelewa."

Hilo ni kweli, baba alikuwa anaimba. Jumapili tukimpeleka usharikani kwenye kiti chake cha magurudumu, wimbo ukianza, maneno yalikuwa yanamtoka yote, sawasawa, kwa sauti yake ile ile ya zamani ya besi. Wimbo ukiisha anarudi kwenye neno lake moja. Daktari alishatueleza kwamba hutokea hivyo, kwamba nyimbo zimehifadhiwa upande mwingine wa ubongo. Kaka yangu aliyachukua yale machozi tuliyokuwa tunatoa kanisani akayafanya ushahidi. Nilikata simu.

Nilidai kikao cha familia. Nilikidai mimi, na lawama za kukidai nazibeba mpaka leo. Tulikaa sebuleni Old Moshi: baba mdogo, ambaye ndiye mdogo wake baba na mkubwa wa ukoo aliyebaki na sauti, mama, mimi, na kaka aliyesafiri kutoka Dar na kuleta sukari na mchele gunia zima. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini.

Nilieleza yote. Baba mdogo alinisikiliza huku amefumba macho.

"Mwanangu," akasema, "hicho kitu kilichouzwa kinashikika?"

"Hakishikiki, baba mdogo. Ni ruhusa."

"Kinalimwa? Kinakamuliwa?"

"Kinafanya mashine ifanye kazi."

"Lakini mashine ipo?"

"Ipo."

"Basi mimi sioni kilichoibiwa." Akamgeukia kaka. "Wewe umekosea, ungemwambia dada yako. Mwombe radhi. Na wewe," akanigeukia mimi, "mtoto wa kiume akiuza kitu cha baba yake kwa sababu ya shida, huyo hatumwiti mwizi. Wewe umeolewa, una kwako. Usiuvunje mji wa baba yako kwa kitu kisichoshikika."

Kaka akasimama, akaniomba radhi. Alilia. Alilia kweli, simsingizii, machozi yalidondoka mpaka kwenye shati. Mama akalia. Nikamwambia mama, "Wewe ulikuwepo jikoni. Ulisikia." Mama akasema, "Mwanangu, mimi ninao wawili tu. Unataka nichague?" Sikumjibu, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa ndiyo, nataka uchague.

Halafu baba mdogo akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akamwinamia baba pale kwenye kiti, akamshika bega, akamwuliza kwa sauti kubwa kama watu wanavyoongea na viziwi, "Kaka, umemsamehe mwanao?"

"Ndiyo," akasema baba.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mama akapiga makofi madogo, akasema Bwana asifiwe. Baba mdogo akakaa chini kama mtu aliyemaliza kazi. Nikawatazama. Watu waliokwisha kuambiwa, waliokaa na mgonjwa huyu zaidi ya mwaka, waliomsikia akisema ndiyo alipoulizwa kama anataka maziwa na akayatema, wameuliza swali na kuchukua jibu walilolitaka, kama yule wakala, kama kaka yangu.

Nikasimama. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba," nikasema, "umemlaani mwanao?"

"Ndiyo."

Mama alipiga ukelele kama wa msibani. Baba mdogo aliruka kutoka kwenye kiti, akanifokea kwa Kichagga maneno ambayo sijawahi kuambiwa na mtu tangu nizaliwe. Huku kwetu laana ya mzazi si jambo la mzaha, hata kwa watu wanaokwenda kanisani kila Jumapili. Kaka yangu alikuwa amekauka machozi, uso umekuwa wa majivu. Na baba, baba alianza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja chake cha kushoto. Akapiga na kupiga, ananitazama mimi, kisha kaka, kisha mimi, mdomo unahangaika, na kilichotoka kilikuwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake alipokuwa na maneno yote. Sijui alikuwa amemkasirikia nani. Nimeshajiuliza sana. Inawezekana ni mimi.

Walinitaka niombe radhi kwa kutamka neno laana mbele ya mgonjwa. Nikakataa. Nikachukua mkoba wangu nikateremka kwa miguu mpaka nikapata bodaboda. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alinifungulia mlango, akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia, "Wamesema haishikiki."

Leseni nyingine ya kununua mara moja haikuwepo tena. Nilipompigia wakala, maana sikuwa na pengine pa kupiga, aliniambia kampuni wamebadili utaratibu, sasa programu inakodishwa. Unalipa kwa mwaka. Usipolipa inazima.

"Na nikifa?" nikamwuliza.

"Inaisha, dada."

"Hairithiwi?"

"Hairithiwi, haiuzwi, haihamishwi."

"Afadhali," nikamwambia, na nilimaanisha, ingawa nilikuwa nimeshika simu kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Unatoa jasho, unalipa, na wao wako mbali huko wanaamua kama kitu ulicholipia ni chako, kinahama mara ngapi, kinakufa lini. Kijana wao anamwona mzee amevaa shati anatabasamu, na hiyo inatosha. Nilikodi. Jina ni langu, barua pepe ni yangu, neno la siri hata mume wangu halijui.

Turubai nikaliondoa. Kiwanda cha sukari hawakurudi. Wameshazoea Arusha, kwa karakana ile ile iliyonunua leseni, na gia zao zinatengenezwa kwa leseni iliyotokana na ng'ombe wa baba yangu. Nafanya vipuri vya kahawa msimu ukifika, nafanya vya pampu, natengeneza hata bawaba za mageti. Tunaishi. Kaka yangu duka lake lilifungwa miezi michache baadaye pamoja na yote hayo. Mama alinipa habari hiyo kwa simu kwa sauti ya kuniomba nimhurumie. Nilimhurumia mama.

Krismasi ukoo wote ulipanda, kama kila mwaka. Magari ya Dar yalijaa barabarani, moshi wa nyama ulikuwa kila kihamba. Nilikwenda kwa sababu ya baba. Kaka yangu alikuwa amefika kabla yangu, amekonda, na hakuchekesha mtu. Tulisalimiana kwa sababu watoto walikuwa wanatazama.

Mchana nilitoka barazani na bakuli la mtori wa baba nikakuta nimeshatanguliwa. Kaka alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yake, kitambaa begani, anamlisha. Anapuliza kijiko, anaonja kwa midomo, anasubiri baba ameze kwanza, anamfuta upande ule wa mdomo usiohisi. Alikuwa anafanya vizuri kuliko mimi, maana mimi huwa na haraka. Baba alikuwa ametulia kabisa, anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Nilisimama pale na bakuli langu linapoa. Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilikasirika zaidi, kwa sababu mtu mwenye mikono mizuri namna ile alikuwa na uwezo wa kutofanya alichofanya.

Aliniona. Akanyanyuka nusu, akanipisha kigoda.

"Njoo umalizie," akasema.

"Maliza mwenyewe," nikamwambia, nikarudi jikoni nikakaa na wale waliokuwa wanaosha vyombo.